Makala Iliyotoka kwa Siku Tisa

Kisa hiki ni cha mhadhiri mmoja wa hapa Dodoma. Alinipa ruhusa ya kukiandika kwa sharti kwamba jina lake, chuo chake, kijiji alikofanyia utafiti na majarida yote mawili yanayohusika visitajwe. Nitamwita Mwalimu, kama wanafunzi wake wanavyomwita. Mimi niliingia mambo yakiwa yameshaharibika. Zamani niliwahi kuwa katibu wa uhariri wa jarida dogo la fasihi, na tangu hapo watu hunitafuta makala zao zikikwama. Kwa kawaida hunitafuta maji yakiwa yameshamwagika.

Nyimbo 14

Mwalimu anafundisha fasihi simulizi, na shahada yake ya pili aliifanya kwenye masomo ya dini. Swali lake la utafiti lilikuwa zuri, na nalisema hili mapema kwa sababu baadaye watu walimzungumzia kana kwamba hakuwa na kitu cha kusema. Katika Ugogo, nchi ya Wagogo inayouzunguka mji wa Dodoma, muheme ni ngoma ya wanawake. Wao ndio wapigaji, ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja, na asili yake imeshikana na unyago wa wasichana. Leo utaisikia harusini, kwenye mikutano ya siasa na kanisani. Kwa Wakatoliki, mlango ulifunguliwa rasmi na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ambao hati yake ya liturujia ya Desemba 1963 ilitaka muziki wa asili wa kila watu upewe heshima yake katika ibada. Waanglikana wana njia yao na ni ndefu zaidi: wamisionari wa CMS, chama cha kimisionari cha Kianglikana cha Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ikaundwa mwaka 1927.

Mwalimu aliuliza hivi: wimbo wa kuomba mvua ukihama kutoka shambani kwenda kanisani, kinachobadilika ni nini? Ni maneno, ni mdundo, au ni yule anayeombwa? Katika nchi yenye msimu mmoja wa mvua, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka mzima, watemi wa zamani, yaani watawala wa jadi, walishika mawe yaliyoaminiwa kuleta mvua, na heshima yao ilisimama au kuanguka pamoja na mawingu. Anayeombwa mvua hapa si jambo la mjadala wa darasani tu.

Akaenda wilaya ya Chamwino akiwa na barua ya chuo na mhuri wa mtendaji wa kijiji. Kwa siku nne alirekodi nyimbo 14 kwa simu yake, kutoka kikundi cha akina mama saba. Kumi na moja waliziimba mchana, watoto wakicheza pembeni. Tatu zilizobaki ni za unyago. Hizo aliimbiwa usiku wa pili, baada ya ugali wa uwele na mlenda, wanaume wakiwa wametoka. Bibi kiongozi wa kikundi alimwambia, "Tunakuimbia kwa kuwa wewe ni mwanamke na umefika mwenyewe. Hizi zisiende redioni." Mwalimu akaitikia. Hakuliandika sharti hilo popote, kwa sababu fomu ya ridhaa aliyopewa na chuo ilikuwa na nafasi ya jina, umri na kidole gumba. Sharti la namna hiyo halikuwa na nafasi yake.

Miezi mitano ya kimya, kisha kurasa tatu

Makala aliiandika kwa Kiingereza, maneno 9,000, akaipeleka kwenye jarida moja la ukanda huu linalopokea kazi za dini, fasihi na utamaduni. Lina matoleo mawili kwa mwaka, halitozi ada, na mhariri wake ni mhadhiri kama yeye, mwenye lundo la mitihani ya kusahihisha. Miezi mitano ikapita bila neno. Ndipo barua ikaja na maoni ya wapitiaji wawili wasiotajwa majina, yaani wasomi wanaoipima makala kabla haijachapishwa.

Wa kwanza alikuwa mpole, akagusa mpangilio na marejeleo. Wa pili aliandika kurasa tatu. Nimezisoma. Ni kali, na mahali pawili ni za dharau isiyo na kazi. Lakini ndiyo tathmini bora ya makala niliyoisoma kwa muda mrefu, na ningependa niitaje kwa mapana, kwani kisa chote kimelala humo.

Kwanza aliuliza kwa nini nyimbo zimewekwa kwa Kiingereza pekee. Kigogo kiko wapi? Msomaji atajuaje kama tafsiri ni sahihi? Pili, alishangaa kuona kitabu cha Mathias Mnyampala, mwandishi na mshairi Mgogo, juu ya historia na mila za Wagogo kimenukuliwa kutoka tafsiri ya Kiingereza ya Mmarekani Gregory Maddox ya mwaka 1995, wakati Mnyampala alikiandika kwa Kiswahili na kikatoka mwaka 1954. Mtu wa Dodoma anamsoma mtu wa Dodoma kupitia Marekani, aliandika. Hapo ndipo penye dharau, na mimi nilicheka. Akaongeza kwamba Mnyampala huyohuyo aliitunga Injili kuwa utenzi mwaka 1963, kwa hiyo ni ajabu makala kuhusu sala na ushairi katika Ugogo impite kana kwamba alikuwa mwanahistoria tu.

Tatu, alikwenda kwenye mshipa wenyewe. Katika wimbo wa sita kuna mtu anayekuja kutoka upande wa mashariki, na mvua iko nyuma yake. Mwalimu alimtafsiri kwa kiwakilishi cha kiume cha Kiingereza, tena kwa herufi kubwa, kama Wakristo wa lugha hiyo wanavyomwandika Mungu. Kisha akajenga juu yake hoja nzima: kwamba hata kabla ya wimbo kuingia kanisani, akina mama walikuwa tayari wanamwomba Mungu Baba. Mpitiaji akauliza swali ambalo mtu yeyote anayezungumza lugha ya Kibantu angeweza kuliuliza. Kigogo, kama Kiswahili, hakimtofautishi mume na mke ndani ya kitenzi. Anayekuja ni anayekuja tu. Kiingereza ndicho kilichomlazimisha mfasiri achague, naye akachagua, na uchaguzi wake ukageuka kuwa ushahidi. Je, waimbaji waliulizwa ni nani anayekuja?

Hawakuulizwa.

Uamuzi wa mhariri ulikuwa "marekebisho makubwa". Kwa waliozoea kazi hii, hiyo ni habari njema: jarida linaitaka makala, ila si kama ilivyo. Mwalimu hakuwa amezoea. Barua ya mhariri ilikuwa na mistari minne na haikumweleza hivyo. Aliisoma kama kukataliwa kwa adabu. "Kaka," aliniambia baadaye, "niliona wamenivua nguo, halafu wananiambia nirudi nikiwa nimevaa vizuri." Mhariri angeongeza aya moja tu ya kibinadamu, pengine nisingekuwa naandika haya. Hilo nimemwambia mhariri mwenyewe, ni mtu ninayefahamiana naye, naye hakubisha.

Dola 180

Barua hiyo ilifika Januari. Majalada ya kupandishwa cheo yalitakiwa mwisho wa Machi, na Mwalimu alipungukiwa makala moja ili aombe uhadhiri mwandamizi. Katika wiki hiyohiyo akapokea baruapepe iliyomwita profesa mashuhuri, ikisifia kazi yake iliyotangulia (ilikuwa imetaja kichwa cha tasnifu yake) na kumwalika kwenye jarida la kimataifa linalochapisha dini, fasihi, elimu, uhandisi na uuguzi.

Nimemuuliza kama orodha hiyo haikumshtua. Alisema ilimshtua kidogo. Lakini jarida lilikuwa na ISSN, lilikuwa na bodi ya uhariri ya watu ishirini na kitu, na lilijitangaza kuwa na kipimo cha athari (namba inayoonyesha makala za jarida hunukuliwa mara ngapi) cha juu kuliko majarida mengi ya tiba. Akatuma makala ileile ya kwanza, bila kugusa hata koma. Siku ya nne akajibiwa kwamba wapitiaji wameridhika, alipe dola 180. Akalipa, karibu shilingi 450,000, kwa kadi ya benki ya kaka yake. Siku ya tisa makala ilikuwa mtandaoni, nyimbo zote 14 zikiwamo, chini ya leseni huria aliyoiwekea alama ya vema bila kuisoma. Leseni hiyo inampa mtu yeyote ruhusa ya kunakili, kubadili na hata kuuza, mradi amtaje mwandishi. Na ikishatolewa haifutiki.

Dalili alizoziamini ziliweza kupimwa kwa nusu saa. ISSN ni namba ya utambulisho wa chapisho la mfululizo na haisemi lolote kuhusu ubora. Gazeti la umbea linaweza kuwa nayo. Kipimo cha athari halali hutolewa na kampuni ya Clarivate, na majarida yaliyo katika faharasa yake (orodha ya majarida inayoyafuatilia) ya sanaa na fani za utu pekee hayakuwa na kipimo hicho hadi mwaka 2023. Kwa hiyo jarida la dini na fasihi linalojigamba kuwa na kipimo cha juu cha miaka mingi nyuma limeshajisema lenyewe. Jarida linalosomwa bure lililopimwa utaratibu wake litaonekana kwenye DOAJ, orodha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund mwaka 2003. Mengi ya Afrika yako AJOL, mkusanyiko wa mtandaoni ulioanza 1998 na ambao sasa makao yake yako Afrika Kusini. Njia rahisi kuliko zote ni kumwandikia mjumbe mmoja wa bodi na kumuuliza kama anajua yumo. Sisi tulifanya hivyo baadaye. Wawili walijibu, na wote wawili hawakujua.

Orodha ya majarida yanayoshukiwa kuwa ya kitapeli iliyotungwa na Jeffrey Beall, mkutubi wa Colorado, watu bado huitaja kama msahafu, ingawa aliiondoa mtandaoni Januari 2017 na nakala zinazozunguka hutunzwa na wengine. Biashara yenyewe haikuondoka naye. Machi 2019, mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya Hyderabad ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti kuhusu tathmini na ada zake. Siyo iliyomchapa Mwalimu. Naitaja ili ionekane kuwa waliodanganywa kwa njia hii wako kila mahali, si wahadhiri wa Dodoma peke yao.

Nina neno pia kwa wanaokimbilia upande wa pili na kusema chochote kisicho kwenye faharasa kubwa za Ulaya na Marekani ni utapeli. Jarida la *Kiswahili* la Dar es Salaam chimbuko lake ni taarifa ya mwaka 1930 ya Kamati ya Lugha, iliyosanifisha Kiswahili. Lilikuwa linawasomesha watu kabla ya faharasa hizo kuzaliwa. Udogo, uchelewaji na tovuti mbovu si utapeli. Jarida la kwanza la Mwalimu lina tovuti inayozimika kila mvua ikinyesha.

Yaliyofuata

Mtathmini wa nje wa jalada lake aliiandikia kamati ya vyeo sentensi mbili: jarida halitambuliki, makala isihesabiwe. Mwalimu akaandika kuomba makala iondolewe. Akajibiwa kwamba ada ya kujitoa ni dola 250.

Kisha akafanya kosa ambalo ndilo lililomleta kwangu. Aliirekebisha makala kidogo, akabadili kichwa, akairudisha kwa jarida la kwanza kama jibu la yale marekebisho makubwa. Programu ya kukagua mfanano ikaonyesha kwamba sehemu kubwa ya maandishi tayari iko mtandaoni, kwa jina lake mwenyewe. Mhariri akamwandikia akitaka maelezo ndani ya siku 14.

Wakati huohuo, mjukuu wa yule bibi, anayesoma uuguzi hapa mjini, alitafuta jina la kijiji chao kwenye simu. Makala ikawa ya pili kutokea. Alipokwenda likizo akamsomea bibi yake, akigeuza Kiingereza kuwa Kigogo, mpaka akafika kwenye nyimbo za unyago. Hapo alinyamaza, kwa kuwa mjomba wake alikuwa amekaa pale. Bibi aliuliza jambo moja tu: je, watu wa huko zilikokwenda wanazijua ni za nini?

Mwalimu alinisimulia hilo tukiwa tumekaa karibu na Nyerere Square, chai ikipoa. Fedha alikuwa ameshazizoea, na cheo pia. Hili hakuwa amelizoea.

Ninavyolisoma kisa hiki

Wenzangu wengi wanakiita kisa cha utapeli, na dawa yao ni semina ya kutambua majarida ya kitapeli. Semina si mbaya. Ila ukipanga matukio kwa tarehe, utaona kwamba jarida lile halikumwibia Mwalimu kitu ambacho hakikuwa kimeshapotea. Lilimuuzia alichokuwa anatakiwa kuleta: makala yenye namba, iliyochapishwa, isiyosomwa na mtu. Kamati ya vyeo ilihesabu. Chuo kilitoa barua ya utafiti bila kuuliza baadaye nini kilirekodiwa. Idara yake ina watu wawili wanaojua Kigogo kuliko yeye, na hakuna aliyeiona rasimu. Mtu pekee aliyeisoma makala ile kwa makini, tangu ilipoandikwa hadi mjukuu alipoifungua, ni yule mpitiaji mkali. Na kazi yake ndiyo iliyotupwa.

Kuhusu ahadi kwa akina mama, nimeona watu wakikimbilia sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua sanaa za jadi kuwa kitu cha kulindwa, na ni vizuri. Lakini hakuna aliyekwenda kuziuza nyimbo hizo, na sidhani kama mahakama ndiyo mahali pake. Bibi aliweka sharti na mgeni wake akalikubali akiwa amekula chakula chake. Redio ndiyo aliyoijua yeye kama mlango wa nje, na Mwalimu alijua kabisa alichomaanisha. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila mimi kumuuliza.

Nikimtetea, nitasema hivi: hata jarida halali lingeweza kuzichapa nyimbo zile tatu. Mpitiaji wa pili aliuliza juu ya ridhaa kwa sentensi moja, akapita. Taaluma yetu imejifunza kuuliza kama mtu alitia kidole gumba. Haijajifunza kuuliza alisema nini alipokuwa anatia.

Tulichofanya

Ada ya kujitoa hakulipa. Nilimshauri hivyo na sijutii: ungelipa, hujui kama wangeiondoa, na nakala zingebaki kwingine. Aliwaandikia kwa heshima, akaeleza kwamba nyimbo tatu zilichapwa kinyume cha ahadi, na akataka angalau hizo zifutwe. Hawakujibu barua ya kwanza wala ya pili. Ya tatu ilijibiwa na mwaliko wa kujiunga na bodi ya uhariri.

Kwa mhariri wa jarida la kwanza, kulikuwa na njia mbili za kujificha na moja ya kusema ukweli. Angeweza kuishikilia hoja kwamba uchapishaji ule haukuwa uchapishaji, kwa kuwa haukutathminiwa. Wapo wanaoitumia hoja hiyo. Mimi naiona dhaifu: maneno yako hadharani, jina lako liko juu yake, na ulilipa ili yawe hivyo. Tulikaa jioni mbili tukaandika barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe zote, kiasi kilicholipwa na sababu. Hakukuwa na kilio ndani yake. Mhariri alijibu siku ya tatu kwamba makala ile hawezi kuipokea tena kwa sura yoyote. Akaongeza kwamba kama ipo makala nyingine, yenye hoja nyingine, inayoitaja ile ya kwanza waziwazi kwenye tanbihi, angependa kuiona. Safari hii aliandika aya nzima.

Kabla ya kuandika, Mwalimu alirudi kijijini. Hilo lilikuwa gumu kuliko barua. Alikwenda na sukari na majani ya chai, akasalimu, "Mbukwenyi," akakaa chini. Yaliyosemwa kati yake na bibi ni yao, sikuyauliza. Ninachojua ni kwamba siku ya pili kikundi kilikubali kusomewa nyimbo 11, mstari kwa mstari, kwa Kigogo. Walimsahihisha mahali pengi. Mara mbili walibishana wenyewe kwa wenyewe.

Walipofika wimbo wa sita, akauliza: anayekuja ni nani? Mmoja akasema ni Mungu, nani mwingine? Mwingine akasema hapana, mama yake alimfundisha kwamba ni mtemi anayerudi na mawe ya mvua. Bibi aliwaacha wamalize. Halafu akasema kwamba inategemea mnaimbia wapi. Kanisani ni mmoja, shambani ni mwingine, na anayeuliza kabla ya kuimba huyo hajui wimbo.

Makala mpya imejengwa juu ya jibu hilo. Imeandikwa kwa Kiswahili, Kigogo kimewekwa safu ya kushoto, na Mnyampala amenukuliwa kwa maneno yake mwenyewe. Ina maneno 7,000. Akina mama saba wametajwa kwenye shukrani kwa namna waliyoitaka wao: kikundi kimetajwa, majina hayakutajwa. Tanbihi ya kwanza inaitaja makala ya zamani na kusema kwamba hoja yake kuu ilikuwa na kosa la tafsiri. Cheo bado hajapata.

Duru ya kwanza ya tathmini imerudi wiki iliyopita, safari hii baada ya miezi miwili na nusu. Mpitiaji mmoja, nashuku ni yuleyule kwa namna anavyoweka koma zake, ameuliza: tanbihi inasema nyimbo zilizorekodiwa ni 14, jedwali lina 11, zile tatu ziko wapi? Mwalimu alinionyesha jibu aliloliandika kabla ya kulituma. Lilikuwa na sentensi moja: "Zipo kwa wenyewe."